Uji Uliopoa Katika Nyumba Mbili

Iko siku moja, mwanangu Wawira, ambayo nikifumba hili jicho moja nililobaki nalo naiona yote kama ilivyokuwa. Ilikuwa siku ya mchujo wa chama, wa kuchagua mgombea udiwani, katika kiwanja cha kiwanda cha kahawa. Afisa wa uchaguzi alipanda juu ya mizani na kipaza sauti chake, akatangaza kwamba Mbogo ameshinda. Mbogo, mwenye kile kilabu cha pombe ambacho chifu alikuwa amekifunga, pale juu kidogo ya shule ya msingi.

Watu wake wakaruka. Wetu walisimama tu, kwa sababu kila mtu alikuwa ameona. Mlolongo wa watu waliosimama nyuma ya Mbogo ulianzia kwenye mizani ukafika kwenye tangi la maji. Mlolongo wa Mzee Njagi, mgombea wetu, uliishia hatua chache kabla ya tangi. Wa Mwalimu Mugendi, mgombea wa tatu, vilevile. Hiyo miwili ungeiunganisha, ingetoka nje ya geti ikashuka na barabara mpaka kanisani.

Baba yako, ndugu yangu Njue, alikuwa nyuma yangu. Hakuwa ameonja pombe tangu kilabu kifungwe. Akaniwekea mkono begani akaniuliza, "Sasa watafungua tena?"

Jibu nilikuwa nalo.

Ngoja nirudi nyuma, usije ukadhani namlaumu Mbogo. Mbogo alisema tangu mwanzo atafungua kilabu chake, na akakifungua. Mimi nawataja wengine, na nitawataja kwa majina.

Wakati huo nilikuwa bado naitwa kijana. Huku kwetu mtu ni kijana mpaka siasa imchoshe. Shule niliachia darasa la tano, lakini nilikuwa na miguu mizuri, na wazee walipenda kunituma. Mzee Njagi alitoka upande wa juu, Mwalimu Mugendi upande wa chini, na katikati ni mto na daraja la mbao. Wote walikuwa watu wa kanisa, kanisa lile lile. Redioni huwaita watu kama hao wahafidhina. Walitaka jambo moja: kilabu kibaki kimefungwa, watoto wasipite katikati ya walevi wakienda shule. Ukiwasikiliza umefumba macho usingejua ni nani anahutubia, ila Njagi alikuwa anakohoa.

Na ujue kwetu ukishinda mchujo wa kile chama umeshinda yote. Uchaguzi wenyewe ulikuwa ni kwenda kumalizia tu.

Wazee wa kanisa waliona hatari. Siku mbili kabla ya mchujo wakawaita wote wawili, wakakubaliana kwamba mmoja atamwachia mwenzake. Nani? Hilo wangelimaliza wenyewe, wawili, kama tunavyomaliza mambo huku, kwa kunywa ucuru, ule uji wetu uliochachuka, kutoka kibuyu kimoja. Wazee wakaomba, wakaenda nyumbani wakiwa na furaha. Walisahau kusema uji utanywewa nyumbani kwa nani.

Kesho yake asubuhi Njagi akaniita. Alikuwa amevaa koti, kibuyu kiko mezani.

"Nyaga, shuka umwambie Mwalimu uji uko tayari. Na umkumbushe, mimi natahiriwa yeye alikuwa bado mgongoni kwa mama yake. Kwa hivyo nani anaenda kwa nani?"

Nikashuka. Mwalimu naye yuko na koti, na kibuyu chake.

"Ati niende?" akasema. "Mimi ni mzee wa kanisa, Njagi anakaa benchi la nyuma akisinzia. Nikipanda huko, kesho watu watasema nilienda kuomba. Mwambie ashuke, uji wangu ni moto."

Sasa, mwanangu, hapa ndipo kosa langu lilipo. Niliogopa kubeba matusi. Nilifika kwa Njagi nikamwambia, "Mwalimu anakuja, anamalizia kitu kidogo." Nikarudi kwa Mwalimu nikamwambia, "Mzee atashuka, ni goti tu linamsumbua." Nilivuka lile daraja mara kadhaa nikiwa na uongo mtamu mdomoni, na nilijiona mtu mwerevu sana.

Saa za kukamua ng'ombe jioni, uji wa Mwalimu ulikuwa umeshika utando juu. Mke wake akamwambia, "Baba Mukami, si uvae viatu uende? Ni daraja tu, si Nairobi."

"Kaa chini, mama. Amesema anakuja."

Mama akanigeukia. "Na wewe Nyaga, unasema ukweli?"

"Kabisa, mama."

Siku hiyo ikaisha kila mmoja akijua kwamba mwenzake ameahidi kuja, na amemdharau.

Asubuhi ya mchujo karatasi za kura hazikufika. Tulingoja mpaka jua likawa kali, kisha afisa akasema tupange milolongo, kila mtu nyuma ya mtu wake. Tukajipanga katikati ya zile meza ndefu za kuanikia kahawa, safu tatu, na meza ndizo zilitutenganisha. Mimi nilikuwa mbele, nimeshika picha ya Njagi. Ng'ambo ya meza, katika safu ya Mugendi, alisimama Cucu Marigu, bibi ambaye kilabu kilikuwa kimemmalizia wana wawili.

Afisa akasema, "Anayetaka kuhama ahame sasa, kabla sijahesabu."

Cucu akapiga kelele, "Wee Nyaga! Hamwoni huyo Mbogo amefika kwenye tangi? Vukeni nyinyi, au tuvuke sisi, mimi sijali! Inueni hii meza!"

Nikamtazama Njagi. Njagi akatazama paa la kiwanda. Nikatazama kwa Mugendi, anafuta miwani. Ndipo nikasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Cucu, sisi hatuvuki kwa mtu mwongo."

Mwongo nilikuwa mimi, na nilijua.

Baba yako alikuwa tayari ameshika mguu wa meza. "Nyaga, tuinue. Ni waya na mbao tu."

"Wacha, Njue. Usinitie aibu mbele ya watu."

Akaachilia. Afisa akapuliza filimbi.

Kilabu kilifunguliwa kabla ya mavuno ya kahawa. Njue alikipita kila siku kichwa chini, miezi ikapita. Jumamosi moja hakupita. Nilienda kumtoa, nikakuta anacheka vile alivyokuwa akicheka zamani, nikakaa kidogo, nikanywa naye. Ile pombe ilikuwa mbaya, yenye sumu. Yeye walimtoa hospitalini amefunikwa shuka. Mimi nilitoka nikishikwa mkono, na jicho moja. Wewe ulikuwa unajifunza kutembea.

Kwenye mazishi Njagi na Mugendi walikuja wote. Kila mmoja alihubiri juu ya ubaya wa pombe. Walikaa mbali, na kaburi katikati.

Sasa mchujo umerudi, na wiki hii nimeona picha zao ukuta mmoja pale mjini Runyenjes, wazee wenye meno machache, bado wanagombea wote wawili. Na Mwalimu amekutumia mtu, ati uwe wakala wake kwa sababu umesoma na una miguu mizuri. Sikukatazi. Lakini ukitumwa na neno, lifikishe kama lilivyo, hata kama ni chungu. Tusi likifika mapema watu hukasirika, kisha wakaongea. Na ukiona safu mbili zinalia kilio kimoja, usingoje mkubwa akupe ruhusa. Inua meza. Mheshimu mzee, lakini mheshimu zaidi yule mtoto anayepita pale juu akienda shule.

Mungu akupe mdomo mnyoofu na mikono yenye nguvu. Akupe macho mawili mpaka uzee.

Na nyinyi, Mzee Njagi, Mwalimu Mugendi, neno hili liwafikie. Mimi nilisimama kanisani nikaungama uongo wangu mbele ya watu wote, nanyi mlikuwepo, mkakohoa na kufuta miwani. Sehemu yangu nimeijibu. Ya kwenu bado. Jumapili uji utakuwa kwangu, kibuyu kimoja, na binti wa Njue ndiye atakayemimina. Njooni wote wawili mumwambie kwa midomo yenu: lile daraja lilikuwa na urefu gani, hata mkashindwa kulivuka?