Kwetu Hatufugi Nywele

Mama mkwe alikwenda kumwona mwanawe wodini akiwa na wembe kwenye pochi.

Sio uji. Wembe.

Ngoja nianze mwanzo, maana bado damu inanichemka.

Nilikoolewa wote vipara. Mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti, na kaka zake, wananyolewa na mama yao tangu utotoni. Mama mwenyewe kilemba hakimtoki kichwani.

"Kwetu hatufugi nywele," alikuwa anasema. "Ni usafi."

Nikaona, eh, nimepata watu wasafi.

Nikazaa binti. Bibi yake akataka kumnyoa, nikagoma. Nilikuwa nimeshanunua vibanio vya rangi, nimfunge vibutu viwili kama watoto wengine.

Vibutu havikufungika. Nywele zilikatika kila nilipopitisha kitana. Kisogoni kukabaki vipele na vishina vinavyokwaruza kama msasa.

Daktari wa ngozi akauweka unywele mmoja kwenye hadubini.

"Una vifundo kama uzi wa shanga," akaniambia. "Unakatikia penye wembamba. Ni ugonjwa nadra, na mara nyingi mtoto anaurithi kwa mzazi mmoja."

Nikarudi nyumbani kuwasimulia, mjinga mimi.

Mume wangu akazitazama nywele zangu, nene mpaka mabegani.

"Wewe huna. Mimi sina."

Mama mkwe hakuacha hata kuchambua mchele. "Kwetu hakuna nywele za hivyo. Mpeleke kwa mwenye nazo."

Basi. Mabegi yetu yakarushwa nje. Binti yangu, mtoto wa chekechea, akamkimbilia baba yake miguuni, akasukumwa.

"Usiniite baba."

Mtaa mzima ulisikia. Watoto wenzake wakaanza kumwita Kuku wa Kunyonyolewa, na usiku alilala ameshika vibanio vyake.

Mwaka uliofuata fundi akaanguka kutoka kwenye ngazi. Mikono yote miwili ikavunjika, kichwa kikashonwa. Nikaenda na mtoto kumwona. Sidanganyi, nilitaka kumwona akiwa hoi.

Tulimkuta nesi anamfungua bandeji. Wiki kadhaa hajaguswa na wembe, na nywele zimeota viraka viraka. Vishina vifupi. Kisogoni vipele.

Mtoto akampapasa baba yake kisogo.

"Mama, ana nywele zangu."

Hapo ndipo mama mkwe akaingia mbio, wembe keshautoa.

"Mama, haruhusiwi kunyolewa, ana mshono!" nesi akamzuia.

Nikamvua kilemba. Ndiyo, mkwe wangu mwenyewe, mbele ya wodi nzima. Kichwa kilekile: vishina na vipele.

"Ulijua?"

Akanong'ona, "Baba yao anadhani najinyoa na kuwanyoa kwa kupenda. Angejua, angenifukuza."

"Ukaona bora nifukuzwe mimi."

Alikuwa anatafuta kilemba chini ya kitanda.

Mume wangu alilia, na mikono ya kufuta machozi hana. Sikumfuta.

"Rudi nyumbani, mke wangu. Mlete mwanangu."

Nikamvalisha mtoto kofia, nikamjibu kwa adabu zote:

"Samahani. Kwetu hatufugi wanaume."

Dada zangu, mkiolewa penye vichwa vyote vimenyolewa, ombeni kwanza viachwe viote nywele. Na wewe unayesoma, ukimwona mtoto nywele zinamkatika, usianze kumtafutia baba. Mtafutie kofia laini.

Binti yangu bado ananiuliza yule mwenye nywele zake amwite nani.

Namwambia ni fundi mageti tu.