Daraja Lisilo na Mahali pa Mkwe

Niliondoka Mkiwa asubuhi. Chuo changu kina utaratibu ambao ninyi wa nyumbani mmeucheka sana: anayetaka uhandisi husoma kwanza historia, fasihi na falsafa pamoja na hisabati na fizikia, kisha hukagua kitu kimoja kilichojengwa na kukitolea hoja mbele ya mhandisi. Akishindwa, uhandisi ausahau. Mimi nilipangiwa daraja la waenda kwa miguu karibu na Ulemo, na wa kunihoji ndiye aliyelichora. Baba mdogo, fundi wa mapaa, alinisindikiza kituoni akinikumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka.

"Daraja halisimami kwa mashairi," alisema.

Nilicheka, lakini niliogopa kwamba anasema kweli.

Singida mjini nilibadilisha basi. Njia nzima nilirudia kanuni za mizigo na nyaya, na kila niliyoikumbuka ilinifukuzia nyingine.

Ulemo nilipokewa na Mama Naomi, mkulima wa alizeti aliyesoma na mama yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanitengea ugali wa mtama na mlenda. Jioni nilikwenda kulipima daraja. Lilikuwa jembamba, la mtu mmoja mmoja, lakini nyaya zilikuwa zimekazwa na nguzo hazikuwa na ufa. Sikuona kasoro hata moja. Chini yake wanawake walikuwa wanavuka majini, nguo wamezikunja. Nilipouliza sababu, walicheka tu wakaendelea. Usiku sikulala vizuri, maana sikuwa na hoja.

Kesho yake mimi na Mama Naomi tulivuka majini kwenda shambani. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imenyesha milimani, mto umejaa, maji mekundu yananguruma. Mama Naomi akasema leo hatuna budi kupita juu. Alitangulia, mimi nyuma. Tulipofika katikati, kutoka ng'ambo akaingia darajani mwanamume anasukuma baiskeli yenye magunia, ameinamisha kichwa. Alikuwa Yohana, mume wa binti wa Mama Naomi.

Mama Naomi alijifunika kanga usoni akageuka ghafla. Ubao ulikuwa umelowa. Mguu ukateleza, akaanguka kwa ubavu, miguu ikaning'inia juu ya maji, mkono mmoja umeshika waya. Yohana aliiachia baiskeli, akaja mbio hatua chache, kisha akasimama na kugeuza uso.

"Mshike mama, dada! Mimi siwezi kumgusa," alisema.

Nilimshika kwapani nikavuta huku nalia. Sijawahi kuogopa namna ile. Yohana alirudi kinyumenyume na baiskeli yake mpaka ng'ambo, akaingia vichakani, ndipo tukapita.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini hakumwacha mkwewe apite tu.

"Mkwe hatugusani naye bega, mwanangu. Njiani yeye huingia porini, mimi natazama kando. Pale juu ataingia wapi? Ndiyo maana tunapita majini. Kijiji hiki tumeoleana wote."

Singida, nikiwa narudi, nilimkuta mhandisi ofisini. Aliniuliza habari za uzito, nikajibu. Za nyaya, nikajibu. Akauliza kasoro iko wapi basi.

"Daraja ni imara, mzee. Lakini halina mahali pa mkwe kusimama."

Alitabasamu, akidhani natania. Nikamsimulia yote, kisha nikamchorea kibaraza katikati, upana wa mtu kusogea pembeni na kugeuza mgongo. Tabasamu likatoweka. Alisema kwao pia mkwe hupishwa, na wakati wa kuchora hakuwaza hilo hata kidogo. Aliuvuta mchoro wangu akaukagua mstari kwa mstari, nami nikajiona nimeshafukuzwa.

"Umepita," alisema mwishowe. "Hesabu za kibaraza hicho utazifanya wewe, mimi nitazikagua."

Mkiwa, baba mdogo alikuwa ananisubiri kituoni. Alifurahi, akakiri kwamba labda mashairi yana kazi yake. Kisha akaniuliza mbona bado nina uso wa msiba. Nikamwambia nilipoondoka niliogopa kuchekwa. Sasa kila nikishika kalamu naiona miguu ya Mama Naomi inaning'inia juu ya maji, na ninaogopa kukosea.

"Huo uoga usiuache," alisema, akanipokea begi.