Jumamosi za Kumsomea Mwaitu

Hii ilitokea huku kwetu Ukambani, na ukiisikia usiseme ni mambo ya watu wengine.

Kathini alimnunulia mama yake zawadi. Mama akaishika, akalia. Jamani, kila mtu alidhani ni furaha.

Kathini ana duka la mitumba pale sokoni Tulia. Mama yake, Syokau, mwalimu mstaafu, alikuwa akiishi peke yake huko milimani Mbooni, na alipenda hadithi kupita kiasi. Halafu siku moja akasema macho yamekataa. Eti herufi zinacheza, hawezi tena kusoma.

Basi kila Jumamosi Kathini akawa anafunga duka, anapanda milima kwenda kumsomea. Mama anasuka kiondo, kile kikapu chetu cha mkonge, binti anasoma, chai inapoa. Wakifika pahali patamu, mama anamwambia arudie.

Lakini Jumamosi ndiyo siku wateja wanakuja. Wakaanza kuzoea duka la jirani. Kathini alichoka, tusidanganyane.

Ndipo akasikia kuhusu vile vifaa vya kusomea vitabu tu. Akaingia hiyo shughuli mzimamzima.

Simu, hapana, kioo ni kidogo. Tableti inang'aa, inachosha macho, na chaji ikiisha huko mlimani ni mpaka ushuke senta kuichaji. Mwishowe akachagua kimoja ambacho ukurasa wake unafanana na karatasi. Kina taa ya upole, betri inakaa majuma, na herufi unazikuza mpaka ziwe kama za ubaoni. Akakijaza hadithi.

Aliuliza wauzaji, akauliza marafiki, akauliza mpaka watu asiowajua mtandaoni. Syokau mwenyewe hakumuuliza.

"Mwaitu, sasa utajisomea," alimwambia, maana mwaitu ndivyo tunavyomwita mama huku. "Hutakuwa ukiningoja mimi tena."

Syokau akafuta machozi, akasema asante, Mungu akubariki.

Jumamosi iliyofuata Kathini alifungua duka. Na iliyofuata pia.

Alikuwa anapiga simu. Mama anajibu kwamba anasoma vizuri, kifaa ni kizuri sana, yeye afanye kazi tu. Kathini anafurahi, mpaka anawashauri wateja wawanunulie wazazi wao.

Mvua za Novemba zilipoanza, Syokau akashikwa na kifua. Hakumwambia binti yake. Majirani walipomfikisha hospitali, mambo yalikuwa yameharibika.

Baada ya mazishi, kina mama wa kikundi cha kusuka viondo walikuja kumfariji Kathini. Wayua, rafiki wa marehemu, akawa analia kwamba sasa hawana wa kuwatilia uzi kwenye sindano za kushonea mikanda ya viondo. Wote macho yamezeeka, aliyebaki akiona tundu la sindano ni Syokau peke yake.

Kathini akadhani huzuni imemchanganya mama wa watu.

"Mama, lakini mwaitu alikuwa haoni vizuri."

Wayua akasema, "Alikuwa anaona kutuzidi sisi wote, mwanangu. Alisema ukijua anaona, utakuja kufanya nini huku? Una duka."

"Si angeniambia tu nije?"

"Nilimwambia hivyo. Akasema anaona haya kumwomba mtu aje akae naye bila sababu."

Kathini alilia, na watu wa kanisa waliokuja kumwombea wakashindwa hata kuanza maombi. Uchungu wa kufiwa anaweza kuubeba. Zile Jumamosi ndizo zinazommaliza.

Mpaka leo mtu akimuuliza kifaa gani kinamfaa mzazi, anamweleza habari za betri na taa bila kinyongo, maana kifaa hakina kosa. Halafu anamuuliza huyo mzazi kwa sasa anasomewa na nani. Akiambiwa "ni mimi," anamsihi asiache kwenda.

Wewe pia, kama kuna mzazi anayekusumbua na kashida kadogo kila wiki, usikimbilie kukamaliza. Huenda anayemtafuta ni wewe.