Ziwa la Upande wa Pili

Mama Ramani, ndivyo walivyomwita ofisini, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuwapangia watu wa mjini safari za basi dogo kwenda kutalii huko mashambani: maporomoko ya maji, mapango, ngome za kale zilizoota majani. Muulize yeye wapi pana kona kali, wapi pa kunywa chai, wapi choo kisafi. Ajabu yake, mwenyewe hakuwahi kukanyaga hata mahali pamoja kati ya hapo. Gari likikata kona mbili tu, tumbo lake linagoma.

Basi hayo yote aliyatoa wapi? Kwa mumewe, ndugu yangu. Huyo alikuwa dereva wa lori maisha yake yote, hadi magoti yalipomwambia basi. Alipostaafu alinyong'onyea, akawa mtu wa kukaa kwenye kiti cha sebuleni na kutazama ukuta. Mkewe alipoanza kumuuliza habari za njia, mzee akafufuka. Kila jioni anapanga vikombe mezani, ndivyo vilima. Kamba ya kiatu ndiyo barabara, kijiko ndicho daraja, na ole wako ukikisogeza. Mama Ramani anaandika huku anacheka. Nyumba ilichangamka tena.

Halafu bosi naye akaleta yake. Wateja walikuwa wakipungua, akasema safari inayofuata atapanda mwenyewe. Isipomridhisha anafunga mpango wote, mabasi yakabebe maharusi. Na kiongozi wa safari atakuwa Mama Ramani. Mwanamke hakuogopa kukosa kazi, kazi zipo. Aliogopa mzee kurudi kwenye kile kiti cha sebuleni. Akatia tangawizi mfukoni, akapanda basi.

Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Tazameni kulia, anawaambia, na kweli, maporomoko yale pale kama mzee alivyosema. Kulia tena, ngome. Kulia tena, miamba iliyobebana. Watu wa kushoto wakaanza kununa, shingo zinawauma kwa kuchungulia juu ya vichwa vya wenzao. Bosi anaandika kwenye simu yake. Mwishowe fundi cherehani mmoja aliyekaa kushoto akauliza kwa upole, "Dada, na hili ziwa la huku halina habari?"

Ziwa? Mama Ramani akageuka. Kule chini bondeni, ziwa zima, la buluu, limejaa ndege weupe, na kwenye karatasi yake halimo. Hapo ndipo akili ilipomfunguka. Mumewe alikaa kwenye usukani, kulia, na safari za kurudi alizifanya gizani siku zote. Nusu ya njia hakuwahi kuiona! Aibu ilimshika, lakini hakujifanya mjuaji. Aliwaambia ukweli kwamba hata yeye analiona leo, akamwomba dereva asimame. Watu wakateremka mpaka majini, bosi mwenyewe akavua viatu. Ikawa ndiyo safari iliyosifiwa kuliko zote, na mpango haukufungwa.

Kazi ikabaki nyumbani. Mzee hakukubali katakata. Njia ile haina ziwa, alisema, bila shaka walipotea. Akakunja kamba yake, vikombe akavirudisha kabatini. Mama Ramani hakubishana naye. Safari iliyofuata alimwekea nafasi dirishani, kushoto, mahali ambapo tangu ajue kuendesha hakuwahi kukaa.

Ziwa lilipotokea, mzee alibandika paji la uso kwenye kioo. Kisha akaomba simu, akampigia utingo wake wa zamani, yule aliyekaa upande huo miaka yote, akaanza kumfokea. Kumbe kazi yake ilikuwa kulala? Ziwa lote hili, asiseme neno?

Sauti ya utingo ilisikika mpaka viti vya nyuma. "Mzee, nilikuwa nakuambia kila safari. Unanijibu ninyamaze, nisikuchanganye."

Basi zima lilicheka, na mzee akacheka kuliko wote, mpaka machozi. Alipokwisha kujifuta, aliinuka akampisha mkewe dirishani.

"Kaa hapa, mama watoto," alisema. "Leo nihadithie wewe. Nasikiliza."

Mama Ramani akatafuna kipande cha tangawizi, akaanza na wale ndege.