Sijaambiwa Dide

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya kahawa ya iliki, mpaka leo nashika ukuta. Ndiyo iliyojaa uani kwetu Ibra, Uarabuni, asubuhi ile mama anatiwa garini, nami nimepiga magoti kwenye changarawe kumuaga. Kwa Wayoruba mtoto wa kike humpigia magoti mkubwa, wala hanyanyuki mpaka aambiwe "Dide", yaani inuka. Mama ndiyo kwanza anafungua mdomo, Shangazi Zuwena akanikwapua mkono. "Binadamu hasujudiwi nyumba hii." Mlango wa gari ukafungwa, neno likabaki kinywani mwa mama.

Mama alikuwa Myoruba wa Afrika Magharibi, Muislamu kama sisi. Baba alikutana naye hija, akamuoa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nyumba nzima ikisema Kiswahili cha Unguja na Kiarabu, yeye wa kuzungumza naye alikuwa mie tu. Asubuhi ataniita Abeke, jina la kunidekeza alilonipa mwenyewe, nami napiga magoti karibu na jiko, moshi wa mkate machoni: "E kaaro, maa," yaani umeamkaje, mama. Naye kwa madaha: "Dide, Abeke." Shangazi akipita hucheka, "Haya, sanamu limeshaabudiwa?" Baba anaendelea na kahawa yake. Alipokufa, eda kwisha tu, Shangazi na Ami Nasor, nduguye baba, wakakata shauri: mjane arudi kwao, mtoto ni damu yetu, abaki. Nikabaki na watu tele na hapana wa kunisemesha. Maneno ya mama yakanitoka moja moja, kama meno ya utoto.

Siku hizi Ibra ina barabara pana, na watumishi wa majumbani wengine wanatoka kwao mama. Jumatano moja, soko la wanawake, nilimsikia binti anasema Kiyoruba kwenye simu. Magoti yakakunjika yenyewe mbele ya mafungu ya udi. "E kaaro, maa." Akashtuka, akapiga magoti na yeye, ananisihi kwa Kiarabu cha kuokoteza: "Mama, haramu, wewe mkubwa." Tukabaki chini wote wawili, watu wanatutazama. Dide hakunambia. Mdogo hamwambii mkubwa.

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Ami Nasor keshakufa. Shangazi Zuwena yuko chumba cha pili, anakohoa, na chai yake namchemshia mie. Nikimuuliza habari za mama anajifanya kiziwi. Shangazi, wewe si kiziwi, kijiko kikianguka jikoni unauliza nani kavunja nini. Mlimpeleka mji gani? Na mlimwambia nini juu yangu, hata asirudi kunitafuta? Nijibu.