Sauti ya Mke Wangu Uani

Mimi ni fundi makochi. Watu wananiletea makochi yaliyobonyea, springi zinawachoma makalio, mimi navua kitambaa, natupa sponji iliyooza, napigilia mikanda mipya na kuvalisha upya. Ndani ya makochi nimekuta vitana, rimoti, meno ya bandia, hata pete ya ndoa ya bwana mmoja aliyekuwa akimtukana mkewe kwamba ameiuza. Basi mtu wa kugundua vitu vilivyofichwa ni mimi. Ati! Na ndani ya nyumba yangu mwenyewe nilipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, nisione kitu.

Mke wangu alifariki mtoto wetu akiwa na miaka minne. Mama yake alimpa jina la Chiriku kwa vile hafungi mdomo tangu anaamka, na jina likamganda. Tulipomaliza kuzika, ukoo wa mke wangu ulinikalisha kitako, pamoja na jirani mmoja ambaye wala hakuitwa. Wote neno moja: mtoto aambiwe mama amesafiri, akikua ataelewa mwenyewe.

Nikakataa. Nikawauliza, amesafiri, anarudi lini? Mtoto akae mlangoni akimngoja hadi lini?

"Baba, una roho ngumu wewe," mama mkwe akaniambia.

"Mama, naomba unisamehe," nikamjibu, "lakini mimi ndiye nitakayebaki naye. Akijua nimemdanganya, nitamtazama na macho gani?"

Jumapili nikampeleka Chiriku karakana, nikamkalisha juu ya kochi ambalo lilikuwa halijavalishwa, nikamwambia. Mama amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, tumemzika, harudi. Sijawahi kusema maneno magumu kama yale. Alilia mpaka akatapika. Siku zilizofuata hakutaka kula, hakutaka kuoga, akinikaribia ni kunipiga mateke. Nilimwacha anipige. Nililia naye, na sioni haya kulisema hilo.

Ndipo shemeji yangu akaja kukaa nasi. Ndiye mdogo aliyemfuata mke wangu ziwa, na kucheka kwao kulikuwa kumoja. Aliacha kazi yake saluni kwa ajili yetu. Alimwogesha Chiriku, akamsuka, akamlisha, na taratibu mtoto akarudi kuwa mtoto. Akaanza kula. Akaanza kuimba chooni. Mimi nikijifungia chumbani na machozi yangu, Chiriku anaingia, ananipigapiga bega: "Pole baba. Usilie, sawa?" Ana macho makavu kabisa, ananitazama kwa huruma kama mtu mzima.

Nilijisifu kwa hilo, jamani. Karakana nilikuwa na mwenzangu anayepiga randa fremu, tunamwita Msasa kwa ukali wa ulimi wake. Nikamwambia, unaona faida ya kumwambia mtoto ukweli? Msasa akasema mtoto ana akili kuliko baba yake, na kwamba bila shaka amerithi kwa mama. Nikacheka. Nilikuwa nimeanza kucheka tena.

Kitu kimoja tu kilinikera. Simu ya marehemu haikuonekana, na picha zake zote zilikuwa humo. Shemeji aliniambia imepotea hospitalini. Nikamwamini. Ningemshukuje mtu anayefua nguo za mwanangu?

Siku moja asubuhi nilisahau nyumbani kitambaa cha mteja, nikarudi kukichukua. Nafungua mlango, Chiriku amekaa sakafuni sebuleni, simu ya shemeji ameibana sikioni, ananipa mgongo.

"Ndiyo mama. Nimekula yai lote. Unakuja lini, mama?"

Na kutoka uani, kupitia dirisha la jikoni, nikamsikia mke wangu.

"Nikimaliza kazi, Chiriku wangu. Mama mdogo umsikilize, sawaaa?"

Ile "sawaaa" ya kuvuta. Nilisahau kwamba niliutupia udongo mwili wake kwa mikono hii. Sikupita jikoni nikitaka kumfumania mtu, wallahi. Nilipita kwa sababu mke wangu alikuwa nje, nami nilitaka kumwona.

Kwenye kamba ya nguo alisimama shemeji, beseni miguuni, simu sikioni. Ilikuwa simu ya mke wangu. Utepe mwekundu niliouzungushia kifuniko chake kwa mkono wangu bado ulikuwepo.

"Shemeji," nikasema.

Aligeuka. Simu ikamponyoka, ikaangukia ndani ya beseni la maji.

"Alikuwa hali, shemeji," akaanza. "Angekufa na njaa. Nilisema mara moja tu, apate kula. Akala. Kesho yake akaniomba tena. Ningefanyaje?"

"Nilimwambia amekufa! Umemfanyaje akuamini wewe, asiniamini mimi?"

Akainama. Ilibidi nimshike bega ndipo aseme.

"Nilimwambia baba hajui. Kwamba mama yuko mbali, na baba anadhani amekufa. Iwe siri yetu, baba asije akalia zaidi."

Loo! Kumbe zile pole zote. Mtoto wangu wa miaka minne alikuwa akinihurumia mimi, mjinga wa nyumba, nisiyejua kwamba mke wangu yu hai. Kila nilipomtaja marehemu mbele yake, alikuwa akiniangalia na kuuma ulimi ili asinitobolee siri. Na mimi natembea mji mzima nikijivuna. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa yanavuma.

"Utamwambia wewe," nikasema. "Leo hii. Kwa mdomo huo huo."

Alilia, akanishika mikono, akasema hawezi. Nikamtangulia ndani.

"Chiriku," akamwambia, amepiga magoti mbele yake, "yule unayeongea naye kwenye simu ni mimi."

Chiriku akacheka. "Wewe si mama mdogo!"

"Fanya," nikamwambia shemeji. Najua ulikuwa ukatili. Sikuona njia nyingine.

Akafumba macho, akafanya. "Chiriku wangu, sawaaa?"

Kicheko kikakatika. Mtoto akaitoa simu sikioni, akaitazama, kisha akautazama mdomo wa mama yake mdogo yule aliyempenda kuliko watu wote waliobaki. Hakulia. Aliweka simu chini, akaenda kukaa nyuma ya kochi, akatugeuzia mgongo.

Shemeji alifungasha jioni ile, na sikumzuia. Nilimpigia mama mkwe nimshitakie, nikiwa na hakika atanionea uchungu. Akasema, "Tulijua, baba. Tulikuwa tunamtuliza mtoto." Wote walijua. Walikuwa wakija kwangu, wananipa mkono, wananiambia nimejitahidi kulea.

"Na mimi mlikuwa mnanifanya nini?" nikamuuliza.

"Wewe ni mtu mzima," akajibu.

Nikamrudisha Chiriku mwanzo, kwenye kilio kile kile cha kutapika, safari hii bila mtu wa kunisaidia. Siku moja namwogesha, akanishika uso kwa mikono yenye povu.

"Na wewe ni baba kweli?"

"Ndiyo, mwanangu. Ni baba."

"Nani kasema?"

Nikatafuta wa kumtaja. Bibi yake? Mama yake mdogo? Wajomba? Kila jina lililonijia mdomoni lilikuwa la mmoja wa wale waliodanganya. Nikammwagia maji, nikamsuuza povu.

Siku hizi mchana anashinda kwa mama mmoja mtaani anayelea watoto. Nikipiga simu nimsalimie, hapokei. Anamwambia mama yule, "Mwambie aje nimwone." Basi Msasa hunung'unika, nami naweka nyundo chini, naenda na vumbi langu la sponji, nasimama mlangoni.

"Ongea," ananiambia.

Naongea, lolote tu, naye anautazama mdomo wangu mpaka nimalize.