Nusura Afukuzwe kwa Sababu Goti Langu Limeacha Kuuma

Hapa kusini mwa jimbo la Georgia, Marekani, nimeona watu wakifukuzwa kwa ulevi, kwa wizi, hata kwa kulala kazini.

Ila kiangazi kile ndiyo mara ya kwanza kuona binti wa watu anataka kutimuliwa kwa sababu bibi mmoja amepata nafuu.

Bibi mwenyewe ni mimi.

Naitwa Verdell Gaskins. Shule niliishia darasa la nne, tumbaku ya baba ikanihitaji zaidi. Goti langu la kushoto lilikuwa limeniuma miaka na miaka, mpaka nikalizoea kama jirani mkorofi. Humpendi, lakini asipopiga kelele unajiuliza amekufa au vipi.

Basi watu wa chuo kikuu wakaja kanisani kutafuta wazee wenye maumivu yasiyoisha.

Jamani! Kanisani kwetu ukiita wenye maumivu, umeita kwaya nzima.

Tukapigiwa kura, nusu kwa nusu. Nusu wakapewa mazoezi ya kuvuta kamba za mpira. Nusu nyingine tukaambiwa atakuja mwanafunzi kila wiki, atusomee karatasi ya afya, aondoke. Basi.

Jirani yangu Lurleen aliangukia kwenye mipira. Akaanza kunitambia.

"Verdell, nyie ni kundi la bure. Mmewekwa hapo muendelee kuumwa, ili sisi tukipona ionekane."

"Vuta mpira wako, Lurleen."

Mwanafunzi wangu aliitwa Bryn. Msichana mwembamba, anataka udaktari, kiangazi chote yuko chuoni anajifunza kuchunguza uzee na maumivu. Alifika kwangu akasimama kibarazani kama askari.

"Kaa, mwanangu."

"Asante, bibi. Nimeambiwa nisome, niulize, niondoke."

"Nani kakulea wewe?"

Akakaa.

Kwetu mgeni haondoki na koo kavu, kwa hiyo nikamletea chai ya sukari yenye barafu. Halafu ulikuwa msimu wa kunde, zile zenye maganda ya zambarau. Msimu wa kunde hakuna anayekaa kibarazani mikono mitupu, hata mchungaji. Nikamwekea bakuli mapajani.

"Sijui kumenya, bibi."

"Udaktari utauweza, kunde zikushinde?"

Akacheka. Akasoma karatasi yake huku anamenya: kunywa maji, lala mapema. Akamaliza. Kunde zilikuwa bado nyingi. Sasa utaondokaje na bakuli halijajaa?

Tukapiga soga. Mama yake, mvulana mmoja asiyejibu simu, marehemu mume wangu aliyekuwa anakoroma mpaka mbwa anatoka nje. Jua likazama tumo tu.

Kila wiki ikawa hivyo. Na kila wiki anauliza, "Maumivu, bibi? Sifuri mpaka kumi?"

Nilianza na nane. Ikaja sita. Ikaja nne.

Siku moja nikamwambia, "Mbili, mwanangu. Tena hiyo mbili naiweka kwa heshima tu."

Nilidhani atafurahi. Uso ukamshuka.

"Bibi, hebu fikiria tena."

"Nifikirie nini? Goti si langu?"

Akaficha mikono chini ya bakuli. Vidole gumba vyote viwili vya zambarau. Maganda yale yakishakushika rangi, sabuni utachoka wewe.

"Profesa ameviona," akasema. "Kaniuliza nafanya nini huko. Kundi lenu halitakiwi kupona, bibi. Alhamisi atakupima mwenyewe. Akikuta kweli ni mbili, nimemharibia utafiti, ananirudisha nyumbani. Na bila neno lake zuri, chuo cha udaktari ndiyo basi tena."

"Si uandike nane?"

"Siwezi kuandika uongo."

Nikamtazama. Mtoto mwaminifu namna ile atafukuzwa kwa kunitendea wema? Hapana.

Yeye hawezi uongo. Mimi nimepika chakula cha shule miaka yote na kuwaambia wakaguzi ile ni nyama.

Alhamisi nikaivumbua fimbo yangu nyuma ya jokofu, nikapangusa utando wa buibui, nikaenda. Ofisi iko ghorofani. Nikaingia nachechemea, naguna, nimeshika ukuta. Mnajua kuguna? Mimi niliguna.

Profesa Halvorsen, mama mrefu mwenye miwani shingoni, akanikaribisha kiti. Bryn kasimama pembeni, rangi imemtoka.

"Mama Gaskins, maumivu yakoje leo?"

"Tisa."

"Bibi!" Bryn akaropoka.

"Nyamaza, watu wazima wanaongea. Tisa na nusu, Profesa, ukiniangalia hivyo."

Profesa akaandika. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetua mzigo. "Pole sana. Basi kundi liko sawa."

Nikamkonyeza Bryn. Tumepita!

Mara nikakumbuka. Kunde! Nimeacha sufuria jikoni, moto unawaka!

"Kwaherini!" Nikashuka ngazi kama mtoto aliyesikia kengele ya kutoka. Nimeshafika kwenye gari ndipo nikasikia viatu vinanikimbilia.

"Mama Gaskins! Mama Gaskins! Umesahau fimbo yako!"

Nikageuka.

Weee.

Profesa katikati ya ngazi, fimbo yangu mkononi. Bryn nyuma yake, kajifunika uso. Mimi huku chini nimesimama wima kama mlingoti.

Nikasubiri anitukane. Hakunitukana. Aliiegemea ile fimbo, jasho linamtoka, mkono mwingine kiunoni.

"Nini?" nikamuuliza.

"Mgongo. Miaka sasa."

"Sifuri mpaka kumi?"

Akatazama pembeni. "Nane."

Mtaalamu wa maumivu huyo!

"Usimfukuze mtoto," nikamwambia. "Uongo ni wangu, yeye aliandika kweli. Na Jumamosi njoo kibarazani, kunde zipo." Za jikoni zilikuwa zimeungua, lakini hilo halikumhusu.

Akaja. Alikaa kama askari. Nikamwekea bakuli mapajani.

Bryn alibaki mpaka mwisho, na neno lake zuri akalipata. Sasa yuko chuo cha udaktari. Profesa naye akaanzisha utafiti mpya wenye jina refu, ila maana yake ni kumenya kunde mkiwa wawili. Alikuja mwenyewe kunieleza, vidole gumba vya zambarau.

Tukapigiwa kura tena.

Lurleen kaangukia kunde.

Mimi nimeangukia karatasi. Msimu mzima nimekatazwa kumenya na mgeni, kwenye kibaraza changu mwenyewe! Goti limeshafika tano, na Lurleen anapita barabarani ananipungia vidole vyake vya zambarau.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa: atakayekuja kukuuliza unaumwa kiasi gani, mkalishe kwanza, umpe na kazi ya mikono. Huenda yeye ndiye mwenye nane.

Ila fimbo usiisahau.